Nafasi ya Kwanza ya Mzee Shingo

Rashidiya, Dubai
6 Oktoba 2024

Da Rukiya,

Mzee Shingo kafa. Naanza na hilo kwa sababu nakujua, ukipokea barua yangu salamu unaziruka, unatafuta habari. Nimeisoma gazetini, kihabari kifupi chini kabisa ya ukurasa, na picha waliyoweka ni ya ujanani, hata ile shingo tuliyompachikia jina hana. Wilfred Crannock, mwigizaji wa Kiingereza, miaka tisini na moja. Wamemtaja kwa filamu moja tu, ile ya mpishi wa meli, kana kwamba mtu yule maisha yake yote alikuwa anakoroga supu. Nimekasirika kama niliyetukaniwa jamaa yangu.

Unakumbuka tulivyomwona mara ya kwanza, sinema pale mjini, weye umevaa buibui la kuazima ili uonekane mtu mzima? Kaingia mtu mrefu na sinia, kasema gari liko tayari, katoka. Ukumbi mzima unamtazama steringi, mimi na wewe tumegeuza vichwa kumfuata mtu wa sinia. Tangu siku ile wenzetu walikuwa na masteringi wao, nasi tuna wetu ambaye hajawahi kushika bastola wala kuoa mwisho wa filamu.

Nataka tuumalize ubishi wetu. Tano bora za Mzee Shingo, kwa mpangilio, tukubaliane tufunge. Ya pili naweka Hakimu, yule mwenye mafua anayemhukumu mtu kifungo cha maisha huku anatafuta leso. Ya tatu mkuu wa stesheni. Ya nne mpishi, basi tu, kwa ajili ya hao wa gazeti. Ya tano yule mzika watu mwenye viatu vinavyolia. Najua utapinga Hakimu, umempinga tangu tuko vijana.

Ya kwanza haina ubishi, na nashukuru kuna jambo moja duniani mimi na wewe hatujawahi kulumbania: mzee fundi wa piano. Anaumwa, anamficha bintiye. Binti anakuja na mfuko wa machungwa, anagonga. Mzee kajipaka mashavuni rangi ya mdomo ya marehemu mkewe ili aonekane ana damu. Anafungua mlango kidogo, anamwambia ana mteja ndani, aje wiki nyingine. Anafunga. Uso wake nyuma ya mlango ule, Da Rukiya! Mkanda wake ninao mpaka leo, niliurekodi kutoka televisheni ya huku mwaka aliozaliwa Reem, na ile deki naitunza kuliko macho yangu.

Filamu za masteringi huku zilikuwa zinatufikia kama samaki aliyekwishapitiwa na paka. Mtu na mpenzi wake wanatazamana, mara kumekucha. Ndiyo maana nilizidi kumpenda Mzee Shingo. Nani angembusu yule? Hakuna mkasi wa wakaguzi wa filamu uliokuwa na haja naye.

Sasa jambo lenyewe. Lile tumbo nililokuwa nikikulalamikia nimekwenda kupimwa. Ni uvimbe, na umeshatambaa hadi kwenye ini. Daktari ni mama mmoja wa Kihindi, mpole sana, alinitazama kwanza halafu ndiyo akasema. Hazungumzii kupona, anazungumzia kupunguza maumivu.

Reem hajui na hatojua. Alimuuguza Hilwa mpaka dakika ya mwisho. Aliacha kazi, akawa anamgeuza mama yake kitandani, anamlisha kwa kijiko, anamfulia. Tulipomaliza msiba nilimtazama mwanangu nikaona kazeeka kunipita. Leo ana kazi, ana Waleed mumewe, wako Discovery Gardens kwenye kijumba chao, na mwaka huu nimemsikia anacheka tena. Mimi siwezi kuwa wa kuuzima mcheko huo. Nakuwekea amana, dada yangu, usimwambie. Wala usinipigie simu, sauti imekuwa nyembamba na wewe utaisoma.

Barua hii anakuletea Yasir, yule muuza vitambaa mwenye ndevu za hina anayekuja Bur Dubai kununua majora. Majibu mpe yeye huyo huyo.

Mdogo wako,
Amour

*

Kikwajuni, Unguja
29 Oktoba 2024

Amour mdogo wangu,

Umeniua mara mbili katika karatasi moja, na ukaanza na Mwingereza. Nilikuwa nimeshakaa kitako na miwani yangu nacheka peke yangu juu ya mpishi na supu yake, mara nikafika kwenye tumbo lako. Nimeirudia barua ile mpaka karatasi imelegea. Nimekupigia simu pia, usinikasirikie, nimepiga asubuhi na jioni na hupokei.

Umejua kunifunga. Ungesema usimwambie tu, ningemwambia. Umesema amana, na unajua tulivyolelewa. Haya, mdomo wangu umefungwa, lakini mkono bado unaandika, na utaandika. Mwambie mwanao. Unasema Reem alizeeka kwa kumuuguza mama yake. Mimi nilikuwepo kwenye msiba ule, nililala naye chumba kimoja. Alichoniambia ni kwamba anashukuru hakuna siku hata moja aliyokuwa mbali. Hilo ndilo lililomnyoosha mgongo, na wewe unataka kumnyang'anya.

Unaona unamhurumia. Mimi naona unaona haya. Toka mtoto ulikuwa hivyo, ukianguka unasimama haraka utazame nani kaona.

Kuhusu Mzee Shingo, Mungu ampe anachostahili. Hakimu nafasi ya pili huipati kwangu. Ile pua na leso ni vichekesho, mtoto yeyote angeweza. Ya pili ni mkuu wa stesheni, anavyosimama na ile taa yake baada ya treni kuondoka na hakuna aliyeshuka. Mzika watu wa tatu. Hakimu akae na mpishi huko chini wapigane wenyewe.

Ya kwanza, hilo halina maneno, mzee wa piano. Na kwa kuwa umeitaja mwenyewe, nakuomba kitu kimoja. Washa hiyo deki yako, itazame tena ile filamu mpaka mwisho kabisa, usilale katikati kama ulivyozoea. Mtazame Mzee Shingo alivyofanya mwishoni. Halafu uniandikie kama bado una moyo wa kumfungia mwanao nje. Mie sina maneno zaidi ya hayo, na yale ya filamu ile yanatosha.

Nakuombea kila ninapoinua mikono. Kula kidogo kidogo, hata uji.

Dada yako,
Rukiya

*

Rashidiya, Dubai
20 Novemba 2024

Da Rukiya,

Nimekutii. Nilikaa nikaitazama yote, sikusinzia hata kidogo. Mkanda umechoka, pembeni kuna mistari kama mvua, lakini uso wa Mzee Shingo bado unaonekana. Nililia, nakwambia kweli, na mimi si mtu wa kulia. Nilikuwa nataka kubishana nawe, nikakuta sina cha kubishania.

Umeshinda. Nilikuwa nababaika, leo nasema sitaki, kesho nasema labda. Sasa nimeamua. Nitafanya kama alivyofanya yeye mwishoni, vile vile. Reem huja Ijumaa baada ya swala, anapanda treni toka kule kwao mpaka huku mwisho wa reli na mfuko wa vyakula kama mtu anayehama. Ijumaa hii nitafanya. Umenisaidia sana, dada yangu, na tangu niamue nalala vizuri zaidi.

Mwili umepungua. Kanzu zangu naziona kama za mtu mwingine, kwa hiyo ndani navaa fulana mbili na sweta juu. Majirani wanadhani nasikia baridi. Kweli huku baridi imeanza kidogo, watu wanakaa nje jioni, mashallah, hewa nzuri, ningefurahi ungekuwepo.

Kuhusu Hakimu sikuachii. Wewe unasema pua na leso ni vichekesho. Mtazame vizuri. Yule mtu anapiga chafya kwa sababu hawezi kulia mbele ya watu. Kavaa joho, kavaa nywele za bandia, kila mtu anamtazama, yeye afanye nini? Anatafuta leso. Kama Mwingereza yule angekuwa Mswahili tungesema kaingiwa na vumbi. Mpe nafasi ya pili nikiwa bado naweza kusoma kwamba umempa.

Ni mimi,
Amour

*

Kikwajuni, Unguja
5 Desemba 2024

Amour, mboni yangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni, hata sikumkaribisha aliyeileta. Alhamdulillahi. Nilikaa sebuleni nikalia kwa furaha mpaka mkwe wangu akaja kuniuliza nani kafa. Nikamwambia hakuna aliyekufa, ndugu yangu kafungua mlango.

Sasa hakuna tena amana, Reem ameshajua, kwa hiyo naweza kusema yaliyokuwa yananikaba. Nilikuwa naogopa, Amour. Nilikuwa naona ukifa peke yako kwenye nyumba ile, na Reem anagonga. Nilikuwa naota hivyo.

Mie nakijua kile kilichokuliza, kwa sababu ndicho kinachoniliza na mimi kila ninapokikumbuka. Toka nilipoitazama kwenye ule mkanda alionipa shemeji kutoka Uingereza, sijawahi kukisahau. Binti kashafungiwa mlango, machungwa yake kayaacha ngazini. Halafu anarudi na ufunguo wa jirani. Anamkuta baba yake kwenye beseni la kuogea, ameshindwa kutoka, maji yamepoa zamani. Mzee Shingo mtupu kama alivyozaliwa, mbavu zinahesabika, ile rangi ya mdomo inamchuruzika mashavuni. Anajiziba kwa mikono. Na binti? Anavua koti, anakunja mikono ya nguo, anafungulia maji ya moto, anamsugua mgongo. Hakuna muziki, unasikia maji tu. Halafu mzee anasema, wala hamtazami, "Nilikuwa naogopa utanichoka." Na yule binti anamjibu, "Inua mkono." Basi. Na mzee anainua mkono kama mtoto. Wanamalizia hapo.

Ningeandika filamu mia nisingepata neno kama lile.

Niambie na nyie ilikuwaje. Alisema nini Reem? Alikasirika? Mwache akasirike, ana haki, baadaye itamtoka. Na asikuonee haya, na wewe usimwonee haya. Mwili wa baba si kitu kigeni kwa mtoto, sisi tulimwosha marehemu mama alipokuwa mgonjwa kitandani na hakuna aliyepungukiwa.

Kwa ajili ya hili, Hakimu nakupa. Nafasi ya pili, chukua, umenishinda. Nimeufikiria ule ukweli wako wa vumbi na nimeona una maana. Tunga tano bora yako, mimi natia sahihi.

Yasir anasafiri wiki hii, barua nampa yeye mkononi.

Dada yako anayekupenda,
Rukiya

*

Rashidiya, Dubai
14 Desemba 2024

Da Rukiya,

Jibu lako halijanifikia. Nasikia Yasir kakwama huko, mzigo wake wa vitambaa umezuiwa na hasafiri mpaka utoke. Mimi siwezi kumngoja. Hii anakuletea Bi Aseel, jirani yangu, anakwenda harusini kwenu.

Nilifanya kama nilivyokwambia. Ijumaa ile nilijikokota nikanyoa ndevu, nikavaa fulana zangu na sweta. Rangi ya mdomo ya Hilwa sikuithubutu, ingekuwa mchezo, lakini mashavu niliyafinya mpaka yakawa na damu. Nikawasha taarifa ya habari ya Kiarabu, sauti juu, ili ndani kusikike kama kuna wanaume wanazungumza. Reem kagonga, nikafungua kidogo. Nikamwambia nina wageni, wazee wenzangu, aje wiki nyingine. Akataka angalau anipitishie sufuria jikoni. Nikamwambia yalla, haya nenda, mwanangu, treni itajaa watu. Alinitazama. Nikamchekea kidogo. Nikafunga.

Nikaegemea mlango nikasikiliza viatu vyake vinashuka ngazi. Wiki iliyofuata nilimwambia nakwenda Al Ain kwa rafiki yangu, kuna hewa. Akafurahi, akasema nimepata haki yangu ya kustarehe.

Sasa nimeijua ile filamu kwa mwili wangu. Mlango unafungwa, viatu vinashuka ngazi, majina ya waigizaji yanaanza kupita. Hakuna kingine. Hiyo ndiyo sababu nimeiweka ya kwanza umri wote huu. Kwa sababu hawakutuonyesha yanayofuata. Walimwachia mzee heshima yake, wakamwacha hapo akiwa amesimama.

Tatizo ni kwamba kwangu mimi majina hayajapita. Nimebaki huku nyuma ya mlango, Da Rukiya, na kuna kulala, na kuna kuamka, na kuna choo. Jana nilikaa chini sebuleni nikashindwa kusimama, nikabaki pale mpaka magharibi. Nilimfikiria Mzee Shingo, alifanyaje baada ya pale? Alikuwa na nani? Hakuna anayejua.

Sufuria aliliacha mlangoni. Mchuzi wa papa, wa nazi, kama wa mama yake. Nilikula vijiko viwili.

Niandikie kuhusu Hakimu.

Amour

*

Discovery Gardens, Dubai
9 Januari 2025

Shangazi yangu mpendwa,

Unisamehe Kiswahili changu cha kuandika, mimi nimezoea kukizungumza tu. Kwenye simu siku ya msiba tulilia tu, hatukuelewana. Waleed ameniambia niandike, kwamba wewe na Baba mlikuwa watu wa barua. Bi Aseel anarudi huko kuchukua mizigo yake, nampa yeye.

Nataka ujue jinsi ilivyokuwa baada ya Bi Aseel kukufikishia barua ya Baba na wewe kunipigia ile simu. Ulikuwa unalia na kurudia rudia, "Hakuutazama mwisho, hakuutazama mwisho," nami sikuelewa mwisho wa nini. Nilielewa tu uliposema nenda sasa hivi, vunja mlango. Nilitoka kazini bila kuaga. Sikuvunja, yule Raed, jirani wa chini, anao ufunguo wa akiba. Tulimkuta kwenye sakafu ya korido, karibu na bafu. Alikuwa macho. Aliponiona akajifunika uso kwa mkono.

Nilikasirika sana, Shangazi. Nilimkasirikia yeye, nikakukasirikia na wewe. Kwenye gari la wagonjwa nilikuwa nimemshika mkono na sizungumzi naye. Nilikuwa nafikiria ile Ijumaa, jinsi nilivyoshuka ngazi nikiwa nimefurahi kwamba Baba ana wageni.

Hospitali walitupa chumba kizuri. Khalas, ndiyo basi, madaktari walisema hakuna la kufanya, tukae naye. Nikakaa. Alikuwa anaona haya kila muuguzi akimgeuza, akinitazama mimi anasema nitoke. Nilikuwa natoka.

Halafu Yasir akafika. Alikwenda Rashidiya, Raed akamwelekeza hospitali, akaja na barua yako ya tarehe tano, na halua. Baba hakuweza kushika karatasi, akanambia nisome mimi. Nilisoma yote kwa sauti. Nilipofika kwenye mzee wa piano na lile beseni la kuogea, Baba akafungua macho. Akanambia rudia. Nikarudia. Yale maji yaliyopoa, na kuinua mkono, vyote. Alifumba tena macho nikadhani amelala.

Halafu akasema, "Kumbe walimkata."

Akaanza kucheka, Shangazi. Kicheko hicho kilimuumiza, akashika tumbo, lakini hakuacha. Alisema umri wote huu alikuwa akijisifu kwamba mkasi haukuwa na haja na Mzee Shingo. Watu wa televisheni ya huku waliona mzee mtupu wakakata, wakaweka majina, na yeye akaigeuza kuwa heshima. Kisha kicheko kikamgeuka akalia. Nilikuwa sijawahi kumwona Baba analia, hata kwa Mama.

Nilimwuliza kama nitoke. Akasema kaa.

Yule muuguzi wa Kenya, Everlyn, alikuwa anataka kumfuta mwili kwa kitambaa. Nikamwomba anipe mimi. Baba akasema miguu tu, hayo mengine nimwachie Everlyn. Nikasema sawa, miguu. Everlyn akaniletea beseni. Nilimwosha miguu yake, kati ya vidole, nyuma ya kisigino. Ilikuwa imevimba. Nilimwambia, "Inua mguu." Akauinua kidogo, nikaona anatabasamu, kwa sababu alijua ninachosema.

Akanambia nikuandikie hivi, na nilimwahidi nitaandika kama alivyosema. "Mwambie shangazi yako Piano naiondoa nafasi ya kwanza. Mtu hawezi kuiweka ya kwanza filamu ambayo hajaiona. Ya kwanza ni Hakimu, mpaka hapo nitakapoiona hiyo nyingine." Nikamwambia nitaitafuta kwenye mtandao, nzima, tutaitazama pamoja kwenye simu yangu. Akasema inshallah.

Niliipata, Shangazi. Niliipata usiku ule ule. Alikuwa hana tena nguvu ya kutazama, na kulipokucha akafariki.

Kitu kimoja bado kinanichoma. Wakati wa kumwosha, wanaume waliingia, Waleed na Raed na wengine wawili wa msikitini. Najua hivyo ndivyo inavyotakiwa, sisemi neno. Walifunga mlango. Mimi nilipewa kiti cha plastiki nje. Nilikuwa nasikia maji yakimwagika na Waleed akiwaambia wengine kwa upole wamgeuze. Nilitaka kugonga. Nilikuwa nimepata miguu tu, na nilikuwa nataka mgongo, nataka mikono, nataka nywele zake. Nilifungiwa nje mara ya mwisho, na safari hii si yeye aliyefunga.

Sijui kama ni haki kusema hivi. Nakwambia wewe.

Mwanao,
Reem

*

Kikwajuni, Unguja
25 Januari 2025

Reem mwanangu,

Ni haki kusema. Sema kwangu kila utakapotaka, mimi sina pa kwenda.

Mimi na baba yako tulibishana juu ya kila kitu cha Mwingereza yule, hatua kwa hatua, mpaka jinsi alivyoshika leso. Moja tu hatukubishania, na kwa kuwa tulikubaliana hatukuizungumza hata mara moja. Laiti ningempinga na hiyo. Ningemwambia Piano ni takataka, angekasirika, angenielezea yote toka mwanzo hadi mwisho, nami ningeona pale pale kuwa mwisho wake haupo. Badala yake nikamwambia itazame mpaka mwisho. Nilimtuma mwenyewe kufunga mlango ule. Hilo nitakwenda nalo kaburini.

Miguu si kidogo, Reem. Baba yako alikuwa hakubali hata kuvuliwa viatu. Kama amekupa miguu, amekupa kila alichokuwa nacho.

Hakimu abaki ya kwanza, kama alivyosema. Sitampinga tena.

Ule mkanda wangu ni mzima na deki ya hapa haijafa. Njoo. Omba ruhusa kazini, njoo na mumeo au njoo peke yako, tukae tuutazame wote, mpaka majina yamalizike kupita. Tutalala chumba kimoja, kama tulivyolala huko kwenu wakati wa msiba wa mama yako.

Na kuna jambo jingine ambalo wanangu hawalijui, wala mkwe wangu hapa ndani. Mwezi uliopita nilianguka bafuni. Goti hili haliniinui tena, na mgongo siufikii. Najiosha nusu nusu nimeshika ndoo, mlango nimefunga kwa komeo, na wakinigongea nasema natoka sasa hivi. Sijamwambia mtu. Nakwambia wewe.

Ukija, utanisugua mgongo.

Shangazi yako,
Rukiya